Siku Moja Katika Mbuga ya Ziwa Nakuru: Namna ya Kuwaona Wanyama na Ndege Vizuri

Mbuga ya Ziwa Nakuru ina ukubwa wa kilomita 188 za mraba tu, na karibu theluthi moja ya hizo ni maji. Dereva mwenye haraka anaweza kuizunguka yote kabla ya saa sita mchana, akatoka akisema ameona pundamilia na nyati, basi. Mwenzake aliyeingia naye kwa lango lilelile, akasimama mara kwa mara na kuzima injini, atakuwa ameona kifaru na mwanawe, twiga wakipigana kwa shingo, mbega juu ya mgunga, na ndege chungu nzima ambao yule wa kwanza aliwapita akidhani ni visiki. Mwongozo huu ni wa kukusaidia uwe huyo wa pili. Nimeuandika nikiwafikiria watu wa huku kwetu: familia za Nakuru, Njoro na Molo, chama cha akina mama kutoka Kericho, vijana wa Kisumu waliochanga nauli. Kwa watu kama hawa siku ya mbuga ni moja kwa mwaka, na haifai kupotea kwa mbio.

Hatua ya kwanza: chagua siku, kisha gari

Mbuga hii imezungushiwa uzio wa umeme pande zote, kwa hiyo wanyama wake wakubwa hawahami kama wale wa Maasai Mara. Kifaru, twiga, simba na nyati wapo Januari, wapo Agosti. Kinachobadilika ni nyasi, barabara na ndege.

Januari na Februari ndiyo miezi ninayoipenda kuliko yote. Nyasi huwa fupi, vumbi limetulia kidogo, na ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia bado wako kwetu; hao hufika kuanzia Oktoba na kuondoka kufikia Aprili. Masika, yaani Machi hadi Mei, huleta kijani kinachopendeza, lakini pia tope. Gari dogo likinasa humo ndani huwezi kushuka ulisukume ovyo, maana hujui aliyelala kwenye majani yaliyo karibu. Ukiweza, nenda siku ya kazi. Jumapili na sikukuu magari hurundikana mahali palipoonekana simba, na mnyama akizingirwa na magari kumi na tano hawezi kufanya chochote cha kukufurahisha.

Kuhusu usafiri, huruhusiwi kutembea kwa miguu ndani, wala bodaboda na tuktuk haziingii. Kama huna gari, kusanyeni watu mkodi matatu au van ya siku nzima kutoka mjini. Ile ya paa linalofunguka ni bora zaidi. Kubalianeni bei mapema: ya siku nzima, mafuta yakiwa ndani, kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 12 jioni. Kisha mwambie dereva neno moja kabla hamjalipa: "Sisi tutasimama sana, na tukisimama utazima injini." Dereva aliyezoea kubeba abiria wa mjini huona kusimama ni kupoteza muda, na usipomwambia mapema mtagombana njiani. Ndani ya gari, wekeni utaratibu wa kubadilishana viti vya dirishani kila mnaposhuka kupumzika, ili mtoto wa katikati asimalize siku akitazama migongo ya wenzake.

Hatua ya pili: lipa ukiwa nyumbani

Ada ya mbuga zinazosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, hulipwa kwa mtandao kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na M-Pesa hukubaliwa. Fanya hivyo usiku uliotangulia. Ukingoja ufike langoni, utakuta foleni ya watu wanaotafuta mtandao huku jua linapanda, na saa bora ya siku itakupitia ukiwa hapo. Angalia viwango kwenye ukurasa wenyewe siku hiyo hiyo unayolipa, kwani hubadilika, na bei uliyoambiwa na jirani huenda ni ya zamani. Beba kitambulisho cha kitaifa. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni, lakini lazima ajitambulishe.

Sasa mzigo. Darubini ni muhimu kuliko kamera. Simu nzuri itakupa picha ya twiga, lakini haitakuonyesha jicho la ndege aliye mita mia mbili ndani ya maji. Azima, kodi, au mchange mnunue moja. Ikizunguka gari zima inatosha. Beba sweta pia, kwa sababu Nakuru iko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari na asubuhi yake ni ya baridi kweli, hata kama mchana utavua koti. Chupa ya maji iwe ya chuma au ya kutumika tena: plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga zote za taifa tangu tarehe 5 Juni 2020. Chakula kiwe kwenye vyombo vinavyofungika kabisa. Sababu yake utaijua tukifika kwa nyani.

Hatua ya tatu: uwe langoni saa 12 asubuhi

Malango hufunguliwa saa 12 asubuhi. Lango Kuu liko kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji. Anayetoka upande wa Nairobi ataona Lango la Lanet liko karibu zaidi. Anayetoka Kisumu ana karibu kilomita 180 za barabara, na kwangu mimi ni afadhali alale Nakuru usiku mmoja kuliko kufika saa nne akiwa na usingizi. Kufikia saa nne simba amekwisha lala, fisi amerudi pangoni, na chui hata usimfikirie tena hadi jioni.

Hapo langoni zungumza na askari wa wanyamapori. Salamu kwanza: "Habari ya asubuhi, afande." Kisha muulize mambo mawili: wanyama walao nyama wameonekana upande gani jana jioni, na barabara zipi zimefunikwa na maji. Hilo la pili usilidharau. Ramani za simu bado huonyesha njia ambazo siku hizi ziko chini ya ziwa, na dereva anayefuata simu atajikuta anarudi kinyumenyume kwenye majani marefu.

Ndani mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa. Mimi nasema 20 inatosha.

Hatua ya nne: anza na ziwa, na ujue unachokitazama

Wengi huja na picha moja kichwani: ufuo wa waridi, flamingo mamia kwa maelfu. Picha hiyo ilikuwa ya kweli. Mahali hapa palianza kulindwa kama hifadhi ya ndege mwanzoni mwa miaka ya 1960, pakawa mbuga ya taifa mwaka 1968, na sababu kubwa ilikuwa flamingo. Lakini ziwa limebadilika, na ukilielewa badiliko hilo hutatoka ukinung'unika.

Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Maji ya Njoro, Makalia na Nderit huingia, jua huyafyonza, chumvi na magadi hubaki. Katika magadi hayo huota kiumbe kidogo cha kijani kiitwacho spirulina, ambacho ndicho chakula cha flamingo mdogo, na ndicho kinachompa rangi ya waridi. Kuanzia karibu mwaka 2010 mvua zikazidi, ziwa likapanda. Lilikuwa chini ya kilomita 45 za mraba; kufikia 2020 lilikuwa limepita 60. Lango Kuu la zamani na ofisi zake vikazama, na nje ya uzio, upande wa Mwariki na Barut, kuna familia zilizopoteza nyumba. Maji yalipoongezeka magadi yakapungua makali, spirulina ikapungua, na flamingo wakafuata chakula Bogoria na kwingineko. Hawakufa wote, wala hawakuhama moja kwa moja. Ndege hawa wameishi hivyo siku zote, wakizunguka maziwa ya Bonde la Ufa kulingana na hali ya maji, na kwenda kuatamia Ziwa Natron, Tanzania. Leo unaweza kukuta mia chache ufuoni, mwezi ujao elfu kadhaa.

Ukiwapata, tumia darubini kuwatenganisha. Flamingo mkubwa ni mrefu, mweupe zaidi, mdomo wake ni wa waridi wenye ncha nyeusi. Mdogo amekolea rangi, na mdomo wake mwekundu wa giza huonekana kama mweusi kwa mbali. Tazama wanavyokula: kichwa kinapinduliwa juu chini, mdomo unachuja maji. Wale wa kijivu usidhani ni wagonjwa, ni makinda.

Na wakati flamingo wamepungua, wengine wameneemeka. Samaki wa kwanza wa ziwa hili walikuwa perege wadogo walioletwa kutoka Ziwa Magadi miaka ya 1950 na 1960 ili wale viluwiluwi vya mbu. Wakazaana, na mwari, wale ndege wakubwa wenye mfuko chini ya mdomo, wakaja kuwafuata. Mwari weupe huvua kwa ushirikiano: hujipanga nusu duara, huwasukuma samaki mbele yao, kisha wote huzamisha midomo kwa wakati mmoja. Ni jambo la kutazama dakika kumi bila kuondoa darubini. Wengi wao hutagia kwenye visiwa vya mawe vya Ziwa Elementaita, jirani, na kuja Nakuru kutafuta riziki. Hewa ikipata joto, kama saa tatu au nne, inua macho upande wa kusini mashariki: utawaona wakipanda angani kwa mizunguko bila kupiga bawa.

Kisha kuna migunga iliyokufa, imesimama ndani ya maji, myeupe. Wengi huipita haraka kwa kuiona kama uharibifu mtupu. Simama hapo. Mnandi hukausha mabawa kwenye matawi yake na kujenga viota, kulasitara husimama chini yake, mdiria hurushwa na tawi kama jiwe la teo, na kwenye kilele utamkuta kwazi, kichwa cheupe, akilinda eneo lake kwa sauti inayosikika ng'ambo ya ziwa. Mbuga hii ina aina zaidi ya 400 za ndege. Hapa pekee, kwa saa moja, mtu asiyejua ndege hata mmoja anaweza kujifunza kumi. Mpe mtoto daftari achore midomo: wa domomwiko uliopanuka mwishoni, wa kwarara uliopinda, wa kongoti mnene kama shoka. Mdomo hukuambia ndege anakula nini.

Hatua ya tano: vifaru

Ukitoka ufuoni endesha polepole kwenye mbuga za nyasi, hasa upande wa kusini. Hapa Nakuru ni mojawapo ya mahali pa uhakika zaidi Kenya pa kumwona kifaru, na hilo halikuja bure. Mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000; kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 hawakufika 400. Ujangili uliwamaliza. Ndipo mbuga hii ikazungushiwa uzio na vifaru wakakusanywa humu walindwe. Kila kifaru unayemwona kuna mtu anayekesha kwa ajili yake, na ndiyo sababu nakusihi usiweke picha mtandaoni pamoja na mahali kamili ulipompigia. Zima kipengele cha mahali kwenye simu yako kabla hujaingia.

Rangi haitakusaidia kuwatofautisha. Wote ni wa rangi ya tope walilogaagaa. Tazama mdomo. Kifaru mweupe ana mdomo mpana, wa bapa, na kichwa chake huwa chini muda wote kwa sababu anakula nyasi. Kifaru mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka, anaoutumia kukamata majani na vijiti vya vichaka, na kichwa chake hukaa juu. Kifaru mweupe utampata wazi, mara nyingi zaidi ya mmoja. Mweusi hupenda vichakani, peke yake, na ana hasira za karibu. Wakiwa na mtoto, weupe humtanguliza mtoto mbele ya mama; weusi, mtoto hufuata nyuma.

Ukimwona, usimkimbilie. Simamisha gari mbali, zima injini, nyamazeni. Kifaru haoni vizuri lakini husikia na kunusa kupita kiasi, na kelele za gari zima zikipiga "yule pale!" zitamfanya ageuke aende zake. Mkitulia, mara nyingi yeye mwenyewe huendelea kula akija upande wenu. Angalia mgongoni kwake: wale ndege wadogo wanaochokora kupe huitwa askari wa kifaru. Wakiruka ghafla kwa kelele na kifaru akainua kichwa, ujue kuna kitu amejulishwa. Akigeuza masikio yote kwenu na kuanza kupiga pua, dereva aondoke taratibu.

Hatua ya sita: mchana, na adabu za nyani

Kufikia saa sita jua ni kali na wanyama wamejificha. Panda Baboon Cliff, upande wa magharibi, ambako unaruhusiwa kushuka. Ziwa lote liko chini yako, na kutoka hapo utaona vizuri jinsi maji yalivyomeza ufuo wa zamani. Wengine hupenda kilele cha Lion Hill, upande wa mashariki, penye msitu wa mieforbia mirefu. Mti huo usiuvunje tawi wala kumruhusu mtoto kuugusa. Utomvu wake mweupe huchoma ngozi na unaweza kudhuru macho vibaya.

Nyani wa hapo juu wamezoea watu kupita kiasi, na kosa ni la watu. Kula ndani ya gari au meza mbali nao, vioo vimefungwa, mkoba usiachwe juu ya kiti. Usimpe hata ganda la ndizi. Nyani aliyezoea kupewa huanza kupokonya, na nyani anayewapokonya watoto chakula huishia kuuawa. Ukimkuta amesimama mbele yako, usimkazie macho wala usicheke ukionyesha meno. Kwake hiyo ni vita. Shika chakula chako, rudi garini. Pelele walio kwenye miamba, hao wadogo wanene wanaofanana na sungura asiye na masikio, wana haya na ni wazuri kuwatazama wakati wa kupumzika.

Hatua ya saba: alasiri, kusini hadi Makalia

Saa tisa joto likipungua, teremka kusini kuelekea maporomoko ya Makalia. Baada ya mvua maji yake ni ya nguvu. Wakati wa kiangazi ni uzi tu, lakini njia yenyewe ndiyo yenye faida.

Twiga wa hapa ni wa aina ya Rothschild, na wana hadithi inayowahusu watu wa magharibi mwa Kenya. Mwaka 1977 waliletwa kutoka Soy, karibu na Eldoret, mashamba yalipokuwa yakigawanywa na twiga wakikosa pa kukaa. Tazama miguu yao: kutoka gotini kushuka chini ni mieupe mitupu, mithili ya mtu aliyevaa soksi. Twiga wa Kimaasai madoa yake hushuka hadi chini.

Kuro, swala wakubwa wapendao kukaa karibu na maji, nao watakuwa wengi. Wa hapa wana weupe uliojaa matakoni. Wale wa mashariki ya nchi wana duara tu. Swala pala dume mmoja mwenye majike thelathini utamtambua kwa jinsi asivyopumzika, na pembeni yake kundi la madume yasiyo na wake. Ngiri hupiga magoti akila. Pofu, yule mkubwa kuliko swala wote, ni mwoga kuliko ukubwa wake, huanza kuondoka mapema. Msogelee kwa hatua ndogo au umwache. Nyati wa kundi hana neno, ila dume mzee aliye peke yake matopeni apewe nafasi, hata na gari.

Usitafute tembo. Hawapo, eneo ni dogo mno kwao.

Hatua ya nane: saa ya mwisho ni ya paka wakubwa

Kuanzia saa kumi na nusu rudi kwenye migunga ya manjano. Simba wa Nakuru hupenda kupanda miti, kwa hiyo macho yasiishie ardhini. Chui ni mgumu zaidi. Usitafute chui mzima. Tafuta mkia unaoning'inia kwenye tawi nene lililolala, au mguu mmoja. Sikiliza pia. Tumbili wakilia kwa mfululizo wakitazama upande mmoja, au kanga wakiruka ghafla kwenda mitini, simama hapo robo saa kabla hujaendelea.

Ukikuta magari yameshamzunguka simba, kaa nyuma usubiri zamu yako, na usimzibie njia anayoelekea. Usipige honi, usigonge mlango ili akutazame.

Anza kurudi langoni saa kumi na moja na nusu, kwa sababu lango hufungwa saa 12 jioni na kukimbia ili uwahi ndiko kunakogonga digidigi na kanga jioni. Na kama siku hiyo mmeona mnyama anayechechemea, mwenye kitanzi cha waya shingoni au mguuni, au mahali uzio umelala, andikeni saa na alama ya karibu, kisha mwambieni askari wa langoni kabla hamjatoka.